Kovu la Kifundoni

Garsen, 14 Septemba 1997

Dada Qabale,

Natumai karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Abdiaziz na mpwa wangu Nasteha. Sisi huku tupo, ng'ombe wapo, jua lipo kupita kiasi, maji ndiyo yamekuwa mbali. Dereva wa lori aliyeniahidi kuifikisha ana mdomo usiofungika, kwa hiyo akiwa amekwisha kukuhadithia kabla hujafungua bahasha, tafadhali jifanye hujui.

Naoa. Usicheke. Yule mdogo wako aliyekuwa akija Madogo likizoni na kukumalizia sukari, sasa anaoa. Binti anaitwa Kadra, ni wa mzee Jilo. Unamjua mzee Jilo: kabla ya kumpa mtu maji ya kunywa huuliza kwanza ukoo wake mpaka babu wa babu. Mimi kanizungusha mwaka mzima. Sasa amekubali, na harusi itakuwa baada ya Ramadhani, Mungu akitufikisha.

Mama anakusalimu. Anasema uje. Ila kuna jambo amenituma nikuandikie, nami nimelikawiza mpaka karatasi inaelekea kuisha. Unajua kwetu kibuyu cha kwanza cha maziwa cha bibi harusi hufukizwa kwa vijiti vya moto na dada wa bwana harusi. Mama anasema kazi hiyo ataifanya binti wa mama mdogo. Watu wa mzee Jilo wanaijua habari ya moto na ya marehemu Roba, na hawatapenda mkono wako uguse maziwa ya binti yao. Nilibishana naye kidogo. Kidogo tu, sitaki kukudanganya.

Ni mambo ya zamani, dada, nawe ulikuwa mtoto. Hakuna anayekuchukia. Njoo ule nyama, ukae na wanawake, ucheke. Na nguo ya bibi harusi tumesema ni wewe utakayeshona, maana fundi mwingine hatumjui.

Mdogo wako,
Sora bin Wako


Madogo, 2 Oktoba 1997

Sora,

Hongera, ndugu yangu. Nimefurahi na nimekasirika, na vyote viwili vilinijia kwa pamoja hata nikaharibu kola ya shati la mtu.

Nguo nishone, kibuyu nisiguse. Ingekuja mwezi uliopita barua yako, ningeinamisha kichwa kama kawaida yangu na kuuliza bibi harusi anapenda rangi gani. Umechelewa. Mwezi huu mimi si yule.

Alipita hapa Mama Jibril, jirani yetu wa zamani huko Garsen kabla hujazaliwa. Alikuja kutibiwa macho hospitalini ng'ambo ya mto, akafikia kwangu. Jioni alinikuta nikimpiga Nasteha. Mtoto alikuwa amegusa jiko, lisilo na moto hata. Unajua mimi jiko langu nimelijengea kibanda cha bati nje na mlango nafunga kwa kufuli, na mtoto akilisogelea napandwa na kitu ambacho hata Abdiaziz hawezi kukizuia. Mama Jibril akamvuta mtoto kwake, akaniuliza, "Kwani kafanya nini?" Nikamwambia, "Wewe unajua. Mimi nilimuua ndugu yangu kwa kaa la moto. Sitaki na huyu aue." Nikamwonyesha kovu la kifundoni mwa mkono, lile nililoambiwa ni alama ya kaa hilo.

Akaushika mkono wangu, akausogeza karibu na macho yake mabovu, akaupapasa. Kisha akaanza kulia. Akasema, "Kovu hili nimelitia mimi."

Sora, sikiliza alivyosema. "Siku ile ulikuwa kwangu. Macho yako yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai, hata maji hayapiti kooni. Mama yako alikuleta asubuhi. Nikakuchoma kifundoni kwa kijiti cha moto, ndiyo dawa yetu ya manjano, unaijua. Ukalala mkekani pangu. Nyumba yenu ilipowaka ulikuwa umelala mkekani pangu, mimi mwenyewe nimekaa nakufukuzia nzi."

Nikauliza, basi nani? Akanieleza. Mama alikuwa akifukiza kibuyu. Alitia vijiti vyenye moto, akakiegemeza kwenye ukuta wa mikeka, akakumbuka kwamba lori la wanunuzi linakaribia kuondoka, akabeba maziwa yake kwenda kuyauza barabarani. Abba alikuwa amemkataza kuuza maziwa. Roba alikuwa ndani amelala. Aliporudi hapakuwa na nyumba. Basi kabla Abba hajafika na ng'ombe, mama alikwenda kwa Mama Jibril, akaniamsha, akanibeba mgongoni, akanisimamisha kando ya majivu. Abba alipofika alinikuta pale na jeraha bichi mkononi. Nani angeuliza swali tena?

Nikamwambia Mama Jibril, "Na nyinyi mliojua?" Akasema, "Baba yako angemfukuza, au angemuua kabisa. Tulimhurumia. Wewe ulikuwa na meno ya utotoni. Tulisema mtoto husahau."

Sikusahau, Sora. Tena mimi nakumbuka mpaka kisichokuwapo. Nakumbuka kaa mkononi mwangu. Nakumbuka nilivyolirusha na mkeka ulivyoshika. Nimesimuliwa mpaka nikaona kwa macho yangu. Unajua nilivyoletwa hapa kwa shangazi? Kama mbuzi mwenye upele, atengwe wasiambukizwe wengine. Watoto walikuwa wakiniita Moto. Shangazi alizaa watoto watatu nami hakuniachia nimbebe hata mmoja. Nilipojifungua Nasteha niliogopa kumshika, wifi yangu ndiye aliyemwogesha, na watu wakasema mwanamke huyu hana mapenzi. Nilikuwa nayo. Niliogopa mikono yangu.

Abba amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Hakuna wa kumfukuza mama tena. Msomee barua hii mkiwa wawili tu, kwa lugha yetu, usiruke neno. Sitaki fidia, sitaki kilio. Nataka aseme mbele ya wanawake, kabla ya harusi: Qabale hakuwasha moto. Basi. Kisha kibuyu cha mke wako nitakifukiza mimi.

Dada yako,
Qabale


Garsen, 25 Oktoba 1997

Dada yangu,

Nimemsomea. Yanayofuata ni maneno ya mama, mimi ni kalamu tu.

Qabale, mwanangu, kifungua mimba wangu. Barua yako imesomwa nami nimeisikia yote. Ni kweli ulikuwa kwa Mama Jibril. Kaa lilikuwa langu na kibuyu kilikuwa changu. Nilimwogopa baba yako, nikakuweka wewe mbele ya hasira yake, kwa sababu nilijua mtoto hatamfanya kitu kibaya sana. Nilifikiri nitakurudisha baada ya msimu mmoja. Msimu ukapita, na mwingine, nikaona aibu kukutazama. Siku ile ulipopandishwa lori hukulia. Nami nilikuwa natamani ulie, ili nipate sababu ya kukimbia nikushushe. Nisamehe, mwanangu. Mikono yako ni safi na ilikuwa safi siku zote. Njoo ukifukize kibuyu cha mke wa ndugu yako. Nitasema mwenyewe mbele ya wanawake, ila niache nichague siku. Mpaka hapo usimwambie mtu yeyote.

Hayo ndiyo aliyosema. Amelia sana, na mimi nimelia.

Mvua zimeanza, tena kwa ubaya. Wazee wanasema mto unanuka tope la mbali. Usihangaike kujibu upesi, barabara si ya kuaminiwa.

Mdogo wako,
Sora


Madogo, 16 Novemba 1997

Mama yangu,

Sora, msomee polepole.

Mama, sijawahi kukusikia ukiniita kifungua mimba wako. Nimeisoma barua kwenye cherehani, nimeisoma nikioga, nimeisoma mpaka Abdiaziz akauliza kama nimeandikiwa na mwanamume. Nikamsomea. Akatoka akarudi na nyama ya ngamia, eti tusherehekee. Usinilaumu kwa kumwambia, yeye si mtu, ni mume wangu.

Ulisema ulitamani nilie siku ile ya lori. Nimelia sasa, yote kwa mara moja. Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia, mama, nilikuwa nimeyapanga maneno. Uliposema tu "kaa lilikuwa langu" yakaniishia. Sikujua kwamba jambo dogo hivyo lingetosha.

Nimeiondoa kufuli ya jiko. Jana nilikaa na Nasteha nikamfundisha kuwasha mkaa na kuupepea. Mwanzo alikuwa akinitazama mimi, hautazami moto, akingoja kofi. Moto uliposhika alicheka. Nikamfundisha na kufukiza kibuyu, nilivyokuona ukifanya nikiwa mdogo: vijiti vikiwaka unavitia, unafunika, unatikisa. Chumba chote kikanukia nyumbani. Sikuwa nimenusa harufu ile tangu nilipotoka kwako, maana hapa maziwa yetu nilikuwa nikiyatia kwenye chupa ya plastiki.

Nitakuja. Mama Jibril yuko kwa jamaa zake hapa mpaka macho yapone, naye amesema tutakuja pamoja baada ya Idi, asimame kando yako siku utakaposema, usiseme peke yako. Hana kinyongo nawe. Nimekununulia kitambaa cha buluu, kipande kizima, nimeanza kukushonea nguo.

Mvua haikatiki. Wenye malori wanasema kutoka Bura kwenda chini hakuna njia, na Garsen imekuwa kisiwa. Barua nampa mtu anayesubiri barabara ifunguke. Ikichelewa, jueni tu kwamba nipo na nimefurahi.

Mwanao,
Qabale


Garsen, 20 Februari 1998

Dada,

Barua yako ya Novemba imenifikia juzi, imelowa na kukauka mpaka inavunjika ukiikunjua. Tumeishi kwenye mwinuko miezi hii, maji kila upande. Ng'ombe walitupa mimba, kisha wakafa kwa ugonjwa wa kutokwa na damu uliokuja na mvua. Waliobaki hawatoshi kujaza boma la mjane. Mzee Jilo naye amepoteza wake, kwa hiyo ametuelewa, na harusi sasa itakuwa baada ya Idi ya kuchinja.

Niliposoma kwamba unakuja na Mama Jibril, nilijua lazima niseme. Nimetafuta njia ya kuzunguka jambo hili nimeikosa, basi nalipitia katikati. Maneno yale hayakuwa ya mama. Niliyaandika mimi.

Ile barua yako ya kwanza sikumsomea. Niliisoma malishoni, nikaikunja, nikaikunjua. Nikajiambia, dada anataka maneno, na maneno mimi ninayo. Nikakuandikia yale ambayo ningependa mama yangu awe mtu wa kuyasema. Nilidhani moyo wako utatulia, harusi itapita, na mambo yatapoa yenyewe. Sikujua utafurahi vile. Ningejua utafurahi vile nisingeandika.

Jana nimemsomea barua zote, zako na ile yangu ya uongo. Alikuwa anasuka mkeka. Hakuacha kusuka. Nilipofika mahali pa kovu akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Nilipomaliza nikamuuliza, "Mama, ni kweli?" Akasema niandike, na safari hii naapa kwa Mungu nimeandika alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza:

"Mwambie Qabale yeye amekwisha kuzoea. Yuko mbali, ana mume, ana cherehani, watu wa huko hawakumjua Roba. Mimi nakaa na watu wale wale waliomzika. Nikisema leo, leo ndiyo nitaanza kuwa mwanamke aliyeua mwanawe, nami ni mzee, sina nguvu ya kuanza. Yeye alianza akiwa mdogo. Mzigo wa utotoni mgongo huukulia. Aubebe mpaka nife, kisha autue."

Halafu akaniuliza kama ndama wamekunywa maji.

Dada, nakuomba. Mzee Jilo akisikia hatanipa binti. Alinikubali kwa sababu alijua aliyewasha moto yuko Madogo na hayumo nyumbani mwetu. Ukija, njoo peke yako. Mama Jibril asije. Nimefikiri jambo lingine pia: Abba angemfukuza mama siku ile, mimi nisingezaliwa. Sijui mtu anafanya nini na jambo kama hilo.

Nitukane, nimestahili. Lakini usinivunjie harusi.

Sora


Madogo, 9 Machi 1998

Sora,

Hii huna wa kumsomea. Isome mwenyewe.

Oa. Sitakuja, na Mama Jibril nimemwambia abaki. Alinikasirikia, akasema yeye ameshachoka kunyamaza na anataka kufa akiwa ametema. Nimembembeleza mpaka akakubali. Usidhani ni kwa ajili ya mama, wala usidhani ni kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya Kadra, ambaye hajamkosea mtu, na ambaye sitaki kumnyang'anya mume kwa moto uliowaka kabla hajazaliwa. Nguo yake nimemaliza, dereva anayo. Nimeishona vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona, na sijui kwa nini. Mwambie jambo moja, na usimwambie limetoka kwangu: akizaa, asimwachie bibi yake mtoto siku ambayo kuna kosa linalotafutiwa mwenyewe.

Mama anasema nimezoea. Sibishi. Nilikuwa nimezoea kweli. Ningeweza kuzeeka na lile jina, nikafa nalo, na watu wa Madogo wakanizika bila kujua kwa nini nilikuwa mkali. Lakini wewe umenipa miezi mitatu ya kuwa mtu asiyeua. Kuzoea mara ya pili siwezi. Hilo mama hakulijua, na wewe hukulijua. Amwambie Mungu anifundishe.

Kufuli ya jiko sijairudisha. Mara mbili nimeishika na mara mbili nimeiweka chini. Jana Nasteha aliunguza uji, akaja mwenyewe kuniambia, amesimama mbali kidogo. Sikumpiga. Nilikaa nikalia, naye akadhani nalilia uji, akasema atapika mwingine.

Nawe, mdogo wangu. Nimekutukana kwa sauti nikishona, Abdiaziz shahidi. Ile barua yako ya uongo nilitaka kuichoma, na kuchoma ndiyo kazi ninayojulikana nayo huko kwenu. Imenishinda. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyeniambia mikono yangu ni safi ila wewe, na hata wewe uliniambia kwa sauti ya kuiba. Ningekuwa nimepewa kwa sauti yako mwenyewe, ningeipokea. Hukufikiria hivyo. Ulifikiria harusi.

Mama yule wa karatasini aliniita kifungua mimba wake. Alikumbuka kwamba sikulia kwenye lori. Aliona aibu. Nilimpenda, Sora, nilimpenda sana, niliishi naye mvua yote ile nikimshonea nguo ya buluu. Siku mama wa Garsen atakapofariki usinitumie habari kwa mtu wa lori. Mzikeni nyinyi mnaomjua. Wangu amekufa siku ilipofika barua yako, na nimekwisha kumlilia.

Qabale binti Wako